Kwenda Mafia peke yako: mwongozo wa kutazama viumbe wa baharini, wa angani na wa gesti

Anayekwenda kisiwani peke yake ana kitu ambacho kundi la watu sita halina: hakuna wa kumharakisha. Anaweza kukaa kando ya mikoko asubuhi nzima na asisikie mtu akiuliza "jamani, tunaondoka saa ngapi?" Kwa mtazamaji, hiyo ni mali. Lakini ana udhaifu mmoja mkubwa: boti inakodiwa nzima, uwe mmoja au muwe wanane. Kwa hiyo atake asitake, lazima ajifunze kuwatazama na wasafiri wenzake, maana mapema au baadaye atalazimika kuchagua wa kupanda nao boti. Na boti yenye watu wasiofaa haioni kitu.

Mwongozo huu ni wa Kisiwa cha Mafia, mkoani Pwani. Ningeweza kuandika kuhusu Unguja, ila huko wageni ni wengi mno kuwatazama mmoja mmoja. Mafia ukifika leo, kesho kutwa unamjua karibu kila mgeni kwa sura, na yeye anakujua.

Hatua ya 1: Chagua kiumbe kwanza, mwezi baadaye

Watu wengi hupanga likizo kwa kufuata ruhusa ya kazini, kisha wakifika wanauliza nini kinaonekana. Kama una uwezo wa kuchagua, geuza mpango.

Papa potwe, ambaye wengine humwita papa shilingi kwa ajili ya madoa yake meupe, huonekana karibu na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kuanzia Oktoba hadi Februari, mara nyingine Machi. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi hawaendi mbali hata msimu ukiisha. Husogea tu kwenye maji ya nje zaidi, ambako huwezi kuwaona ukiwa juu ya boti. Watoto wa kasa huanguliwa Juani, kisiwa kidogo jirani, hasa kati ya Juni na Septemba. Nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu wakitoka kusini kwenye baridi kuja kuzaa, na Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuwatarajia. Ndege wahamaji, kitwitwi na jamaa zao wanaokimbia kipupwe cha Ulaya na Asia, hujaza fukwe za matope kuanzia Septemba hadi Aprili.

Mtu akikuambia njoo mwishoni mwa Septemba upate vyote kwa pamoja, mwelewe vizuri: ni kweli unaweza kupata kidogo cha kila kimoja, na ni kweli pia unaweza kukosa vyote. Mimi ningechagua kimoja. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, yaache kabisa. Mvua ni nyingi, bahari ina tope, na baadhi ya hoteli za kijiji cha Utende hufungwa.

Ukishapata mwezi, tazama mwezi wa angani. Siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni za bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika pwani yetu siku hizo maji huwa yamepwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Baada ya hapo saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50 kila siku, mpaka yafike maji mafu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo. Ukitaka kutembea mwambani kutazama viumbe, njoo bamvua. Ukitaka kuogelea kwa utulivu, maji mafu yanatosha. Nahodha yeyote anajua hesabu hii bila kutazama simu, na ukimwonyesha kwamba nawe unaijua, mazungumzo yenu yatabadilika.

Hatua ya 2: Panda boti, usipande ndege

Ndege kutoka Dar es Salaam ni kama nusu saa. Kama una siku tatu tu, ipande. Vinginevyo chukua basi Mbagala Rangi Tatu, pita Bungu, shuka Nyamisati, uvuke kwa kivuko au boti hadi Kilindoni. Saa ya kuondoka hutegemea maji, hivyo piga simu siku moja kabla na uende mapema hata hivyo.

Sababu ya kupendekeza njia hii ni kwamba kutazama kunaanzia hapo. Nyamisati iko kwenye delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko wote Afrika Mashariki, na mwanzo wa safari unaupita ukiwa umekaa. Kaa upande wenye kivuli, darubini shingoni. Tazama vilele vya miti iliyokauka, ndiko furukombe hukaa. Maji haya, kati ya Rufiji, Mafia na Kilwa, ndiyo makazi ya mwisho ya kutumainika ya nguva nchini. Usitegemee kumwona, ni wachache mno, lakini ujue unapita kwao.

Na tazama ndani ya chombo. Mama mwenye magodoro mawili na kuku. Mwalimu aliyehamishwa, ambaye utamtambua kwa ukimya wake na begi kubwa kupita kiasi. Vijana wenye nyavu zilizokunjwa ndani ya viroba: hao wanakwenda dago, yaani kuhama na kupiga kambi ya uvuvi mbali na kwao kwa wiki au miezi. Sisi wa likizo tumezoea kudhani msafiri ni mtu mwenye kofia ya jua. Wavuvi wa dago wanazijua fukwe za visiwa vidogo kuliko kampuni yoyote ya utalii, na mara nyingi watakuambia bure kile ambacho kesho ungelipia.

Hatua ya 3: Mzigo

Darubini ya 8x, yaani inayokuza mara nane, inatosha. Daftari dogo na penseli, kwa sababu wino huyeyuka kwenye unyevu. Miwani ya kuzamia na mrija wako mwenyewe. Vya kuazima huvuja. Shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, badala ya kujipaka mafuta ambayo yataishia majini. Viatu vya mpira vya kutembelea mwambani. Tochi yenye mwanga mwekundu. Kitambulisho cha NIDA, kwa sababu raia hulipa kiingilio kidogo zaidi cha hifadhi. Fedha taslimu za kutosha, hata kama una fedha kwenye simu. Khanga au kikoi cha kupita nacho vijijini. Mafia ni kisiwa cha Waislamu wengi, na nguo ya kuogelea inabaki ufukweni.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza usikodi chochote

Unaweza kulala gesti ya Kilindoni, mjini, au kwenda Utende kwa bodaboda, mwendo wa kilomita kama 15 za lami. Utende iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa 1995 ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye kilomita za mraba 822 hivi za bahari na visiwa. Getini utalipa kwa kila siku utakayokaa ndani. Tunza stakabadhi, utaulizwa tena ukivuka kwenda Chole au Juani.

Ukishafika watakuja vijana wenye orodha ya safari. Wasalimie, chukua namba zao, waambie kesho. Siku hii ni ya kutafuta kituo chako: mahali pamoja, penye kivuli, karibu na mikoko au penye mchanga uliochanganyika na matope, ambapo utarudi kila siku. Kaa hapo mpaka wanaokuzunguka wasahau kwamba umekuja. Kwa kaa ni dakika chache. Wale wa matopeni ambao dume ana gando moja kubwa kupita mwili wataingia mashimoni kivuli chako kikipita, na ukitulia wataanza kutoka mmoja mmoja na kurudi kupunga gando. Kwa yangeyange inachukua muda zaidi. Kwa watoto wa kijiji haiwezekani, wao watakuja kukaa nawe, na mara nyingi ndio watakaokuonyesha kilichokupita.

Andika saa, hali ya maji, upepo, na kile ulichoona kinafanya nini. "Kitwitwi 12, wanakula ukingoni mwa maji, wanarudi nyuma kila wimbi likija" ni maandishi yenye faida kuliko "ndege wazuri sana". Kwa kiumbe usiyemjua jina, uliza wenyeji jina la hapo hapo kabla ya kuuliza simu.

Hatua ya 5: Mwambani, maji yakipwa

Toka kama muda wa saa moja au moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, uyafuate yanavyorudi nyuma. Usingoje mpaka yaanze kujaa ndipo uwe mbali. Kwenye bamvua hujaa kwa kasi, na njia uliyopita kifundoni unaikuta kiunoni.

Kanyaga mchanga, usikanyage matumbawe wala majani ya bahari. Buruza miguu badala ya kuinyanyua, kwa kuwa samaki aitwaye taa hujifukia mchangani na miiba yake haina mzaha. Ukimsukuma kwa mguu atahama, ukimkanyaga atajitetea. Kiti cha pweza (yule mwenye umbo la nyota), jongoo bahari, kauri hai: tazama vilipo. Kumnyanyua kiti cha pweza hewani kwa ajili ya picha kunaweza kumuua, hata ukimrudisha baada ya dakika moja. Kombe lisilo na mtu ndani pia liache, kuna kaa anayetafuta nyumba.

Utakutana na kina mama wenye vijiti wakitafuta pweza. Wako kazini. Salamu kwanza, na aliyekuzidi umri mpe shikamoo. Kisha kaa mbali kidogo, uone jinsi wanavyotofautisha shimo lenye mwenyewe na shimo tupu. Kamera mfukoni mpaka uombe. Mwenye kuombwa vizuri akikataa, basi amekataa.

Hatua ya 6: Potwe, na jinsi ya kuchagua wa kupanda nao

Hapa ndipo mtu aliye peke yake hulazimika kuwa na wenzake. Gharama ya boti ikigawanywa kwa watu wanne ni ya kawaida, kwa mmoja ni kilio. Kwa hiyo siku mbili za kwanza, wakati wa chai, ulikuwa unafanya kazi mbili: kunywa chai na kuchunguza meza za jirani.

Kuna wapiga mbizi. Hao huondoka mapema, hurudi na nywele za chumvi, na jioni huandika namba za kina kwenye daftari. Ni wenza wazuri majini lakini siku zao zimejaa. Kuna walio fungate. Waache, hawajaja kutazama potwe. Kuna mwenye darubini kubwa kuliko yako, anayesimama katikati ya sentensi kwa sababu kuna kitu kimepita juu ya mnazi: huyo mfuate, hata kama hamna lugha moja. Kuna familia kutoka Dar iliyokuja kwa sherehe ya arusi na imebakiza siku moja. Ni wachangamfu, watalipa sehemu yao bila maneno, ila uliza kama wote wanaogelea. Na kuna yule anayesimulia kwa sauti jinsi alivyomgusa kobe wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, na kumpanda pomboo mahali fulani. Hata akiahidi kulipa nusu ya boti, mwache apande nyingine.

Kipimo changu ni rahisi: tazama mtu anavyosubiri. Anayemsumbua mhudumu kwa kahawa iliyochelewa dakika tano atamsumbua nahodha amkaribie potwe kupita kiasi.

Siku yenyewe ondokeni Kilindoni asubuhi, bahari ikiwa bado imelala. Kabla ya kulipa, muulize nahodha atafanya nini akikuta boti nyingine tayari iko kwa papa yule. Jibu sahihi ni kwamba atasubiri au atatafuta mwingine. Mtakachotafuta ni pezi na kivuli kirefu karibu na uso wa maji. Potwe wa Mafia huja kula uduvi na viumbe wadogo wa namna hiyo, na wengi wao ni madume ambayo hayajakomaa, ya mita 6 au 7, ingawa mkubwa kabisa duniani anaweza kupita mita 12. Mara nyingine husimama wima, mdomo juu, akimeza maji. Yeye hamjali mtu. Hatari pekee ni mkia, na huo hauna nia mbaya.

Ingieni majini taratibu, msirukie. Kaa walau mita 3 kutoka ubavuni na 4 kutoka mkiani, usimguse, usimzibe njia, usiwashe mwanga wa kamera. Usimfukuze, potwe akiamua kuondoka, hakuna binadamu wa kumfikia. Watu hupiga mapezi kwa pupa na kumpoteza, wakati aliyetulia mahali pamoja mara nyingi hupitiwa tena, kwa kuwa mnyama anazunguka kwenye chakula. Piga picha moja ya maana: ubavu wa kushoto, nyuma tu ya mashavu. Nitaeleza sababu mwishoni.

Hatua ya 7: Chole jioni, Juani alasiri

Chole ni kisiwa kidogo mbele ya Utende, unavuka kwa mashua pamoja na wanakijiji. Kuna magofu yaliyobanwa na mizizi ya miti, kuna mafundi wanaojenga mashua kwa mkono, na kuna popo. Hawa ni popo wakubwa walao matunda, jamaa wa wale wa Komoro. Mchana huning'inia mitini wakigombana, wakijipepea kwa mabawa na kusukumana kama abiria wa daladala. Usipige makofi wala kurusha jiwe ili waruke. Popo anayefurushwa mchana hupoteza nguvu na mama anaweza kuangusha mtoto. Usiokote tunda walilolitafuna, na usisimame chini yao umeachama.

Baki mpaka jua lizame, ukiwa umeshakubaliana na mwenye chombo cha kukurudisha. Wakianza kuruka kwenda kula, chagua kipande cha anga kati ya minazi miwili, uwahesabu wanaopita hapo kwa dakika moja, pumzika, rudia. Macho yakizoea, utaanza kuona kwamba hawatoki ovyo. Wana njia zao.

Juani ni kwa ajili ya kasa. Shirika la Sea Sense hufuatilia viota vya huko kwa kushirikiana na wanakijiji, na kiota kinapotarajiwa kuanguliwa taarifa hutolewa ili wageni waweze kwenda kutazama. Uliza mapema, kwa sababu mayai hukaa mchangani kama siku 50 hadi 60 na siku haipangwi na mtu. Kuna mwendo wa miguu kukatiza kisiwa hadi ufukwe wa mashariki, beba maji. Watoto wakitoka simama nyuma yao, usisimame kati yao na bahari. Usimbebe anayechelewa. Zima tochi na simu, mwanga huwapoteza. Kama una muda, pitia magofu ya Kua, mji ulioangamizwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Mchana ukiwa kimya unaweza kusikia kima kabla hujawaona.

Hatua ya 8: Wewe nawe unatazamwa

Msafiri wa peke yake ni kiumbe adimu, hasa akiwa Mtanzania, na hasa akiwa mwanamke. Utaulizwa: umekuja na nani, mumeo yuko wapi, una kazi gani huku? Si ukali, ni utaratibu wa pwani wa kutaka kujua mtu ni wa nani. Kuwa na jibu fupi lisilo na uongo mwingi: "Niko mapumzikoni, nyumbani wanajua nilipo." Sehemu ya pili ya jibu hilo ina kazi yake.

Katika hoteli za wageni jambo jingine linaweza kutokea: mzungu akuombe taulo. Mwelekeze kwa mhudumu, kisha rudi kwenye kiti chako. Akija kuomba radhi, umepata mwenzako wa boti, maana mwenye haya ana adabu hata majini.

Unapowaandika watu daftarini, fuata kanuni ileile ya potwe: umbali, bila kuwazibia njia. Andika ulichoona wakifanya hadharani, usiandike majina, usinase sauti za watu, na usipige picha ya mtoto wa mtu kwa kuwa tu anacheka. Ukitaka hadithi, kaa meza ileile kwa muuza chai yuleyule siku tatu mfululizo, na chapati yako. Siku ya tatu utaanza kuambiwa mambo bila kuuliza. Ramadhani, mpango huu uhamishie futari, kwa kuwa mchana migahawa mingi imefungwa.

Usalama wenyewe hauna mengi: mwambie mwenye gesti unakokwenda na saa ya kurudi, usiogelee peke yako penye mkondo, vaa jaketi la kuokolea kwenye boti hata wengine wakicheka, na usitembee ufukweni usiku bila mwenyeji.

Hatua ya 9: Kabla ya kuondoka

Madoa ya potwe hayafanani kati ya mmoja na mwingine. Ile picha ya ubavu wa kushoto unaweza kuituma kwenye tovuti ya Sharkbook, pamoja na tarehe na mahali. Kompyuta hulinganisha madoa kwa kutumia hesabu zilizobuniwa awali kwa ajili ya kulinganisha nyota. Baadaye unaweza kujulishwa kama ni potwe anayefahamika na amewahi kuonekana lini. Orodha ya ndege nayo ina mahali pake, kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege. Kwa waliokuwa nawe botini, tuma picha ulizowapiga kabla hujavuka kurudi Nyamisati, wakati bado mnakumbukana majina. Na ukate tiketi ya kivuko jana yake, kwa saa ambayo maji yanaruhusu, siyo kwa saa ya basi unayotaka kuliwahi.